Mimbari ya Zoezi la Mwisho

Fuvu la Godlisten lilikuwa na funza. Alikuwa amewachora mmoja mmoja, wakitoka katika tundu la jicho, na kila funza alikuwa na pingili zake na unyevu wake. Jioni ile nilipoketi nyuma yake alikuwa ameshaingia kwenye mate. Uzi mwembamba wa mate ulitoka kwenye meno na kuning'inia hewani, naye akawa anaugeuza huku na huku kwa kipanya ili auone kila upande.

"Kijana," nikamwambia, "mtu mwenye akili timamu anatumia jioni nzima kuchonga mate?"

"Mzee Halidi, mate ndiyo yenye alama," akanijibu bila kugeuka. "Fuvu kila mtu anaweza. Ona yanavyong'aa, mzee baba."

Niligeuza uso. Upande wa pili nikakutana na kazi ya Amani: mwanamke mwenye pembe, nguo hana, na vidonda mapajani vilivyochorwa kwa bidii ambayo sijaona mtu akiitumia kuchora kitu chema. Nikasema astaghfirullah kimoyomoyo, nikatazama kioo cha kompyuta yangu ambacho hakikuwa na kitu.

Nina miaka hamsini na minne na ni fundi seremala. Nilijiandikisha katika darasa lile la jioni, chumba cha juu ya duka la rangi karibu na Msamvu, kwa sababu wateja wa siku hizi hawaulizi tena kama fundi anajua kazi. Wanauliza kama ana picha ya kitanda kabla kitanda hakijawa kitanda. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Msikiti wetu ulikuwa unakaribia kupanuliwa, na mwenyekiti wa kamati, Mzee Yusuph, alikuwa amenieleza wazi: kazi yote ya mbao, milango, madirisha, kabati za misahafu, angepewa fundi atakayeleta michoro ya kompyuta ambayo kamati inaweza kuigeuza na kuiona mbele na nyuma. Nilimwomba Mungu kazi ile katika kila sijda. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote.

Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Alhamisi nilipanda ngazi zile, nikaswali Magharibi ukumbini kando ya pipa la maji, kisha nikaingia darasani na kusema bismillahi kabla ya kushika kipanya. Vijana walinicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili walizoea.

Mwalimu wetu, Jesca, angeweza kuwa binti yangu wa tatu. Kila jioni aliniamkia shikamoo, kisha akanisahihisha kama mtoto wa darasa la pili. Alikuwa ametuchorisha kikombe, halafu bawaba, halafu kiti cha plastiki. Sasa tulikuwa tumefika zoezi la mwisho, lile la kupatia cheti, na alikuwa ametuachia tuchague wenyewe.

"Kuchagua ni nusu ya mtihani," alisema. "Chagua kitu unachoweza kukigusa na kukipima. Kisiwe chepesi ukakimaliza siku mbili, kisiwe kikubwa kikakushinda. Kisiwe kitu ambacho mtu mwingine ameshakichora, ukakichukua mtandaoni ukabadilisha rangi. Nitajua. Na kiwe kitu ambacho ukikosea, kuna mtu atakayekuambia umekosea."

"Fuvu nani ataniambia nimekosea?" Godlisten akauliza.

"Mimi. Nina la kwangu kichwani."

Shamimu, msichana wa mbele, alichagua cherehani ya mama yake. Huyo ndiye pekee niliyemwona amechagua kama mtu aliyelelewa. Wengine walichagua bastola, majoka, damu. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Kusimama hakukuwa lazima. Nilisimama kwa sababu nilitaka wanisikie.

"Mimi nitachagua kitu safi," nilisema. "Nitachora mimbari ya msikiti wetu. Nimeitengeneza kwa mikono hii miaka kumi na mmoja iliyopita. Mninga mtupu, mbao za inchi mbili. Ngazi tatu, nguzo nne, maua ya kuchonga ubavuni. Hakuna aijuaye kama mimi."

Jesca alinitazama kwa furaha. "Uliitengeneza mwenyewe? Basi huna kisingizio, baba. Wewe utaichora mpaka ndani. Kila ubao peke yake, na kila kiungo kifumuke, tuone kinavyoingiana."

"Insha Allah," nikasema, nikaketi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Wiki tatu zilizofuata nilifanya kazi kwa raha. Mchana nilikwenda msikitini na futi na kile chuma chenye taya mbili alichotuazima Jesca, nikapima kila petali ya kila ua. Jioni nilizihamisha petali kwenye kompyuta. Niliyachonga upya maua yangu bila patasi, na mara kadhaa nilijikuta ninatabasamu peke yangu. Mbao nilizipa unene wa inchi mbili, mninga, ndani na nje, kama nilivyokuwa nikisema siku zote. Tafadhali msomaji alielewe hili: sikuwa nadanganya wakati ule. Au tuseme, nilikuwa nimedanganya muda mrefu mpaka mimi mwenyewe nikawa mtu wa mwisho kukumbuka.

Siku ya Jumatatu Jesca alituonyesha kitu kipya. Ukiiambia programu kwamba kitu chako ni cha mti fulani, au chuma, au udongo, inakupa uzito wake. "Hapa ndipo nawakamata wezi wa mtandaoni," alisema. "Umbo unaweza kuliiba. Uzito unakuumbua."

Cherehani ya Shamimu ilizidi ile ya kweli kwa kilo mbili tu, akapigiwa makofi. Jesca akaja kwangu, akabonyeza, namba ikatokea: kilo mia na tisini na mbili.

"Mimbari yenyewe ina kilo ngapi?"

"Haijawahi kupimwa, mwalimu."

"Lakini si ulituambia wiki ile kwamba siku ya kuosha mazulia mliitoa nje barazani?"

"Tuliitoa."

"Wangapi?"

Kinywa changu kilijibu kabla yangu. "Mimi na mwadhini, Dadi."

Godlisten akageuka na kiti chake. "Wazee wawili? Kilo mia mbili kasoro? Mzee Halidi, huo mninga gani, wa pamba?"

Darasa likacheka. Hata Shamimu alicheka, mkono mdomoni.

"Kwa bismillahi," nikasema, "kila kitu huwa chepesi."

Wakageukia kompyuta zao. Kijana wa watu hawezi kubishana na mzee aliyetaja jina la Mungu, na mimi nilijua hivyo, ndiyo maana nililitaja. Jesca alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Kapime ndani tena, baba," akasema kwa upole, akaenda zake.

Nilibaki nimekaa mbele ya namba ile. Nimewahi kukanyaga vitu vibaya gizani na nimewahi kufukua choo cha jirani kilichotitia, lakini sijawahi kuona uchafu kama lile jina tukufu lilivyotoka kinywani mwangu kwenda kufunika mbao.

Nieleze sasa. Mti ule ulitoka Mlali, kwa mwanamke aitwaye Bi Maimuna. Ulikuwa mninga mkubwa uliosimama katika shamba la ukoo wake, na kwa sisi Waluguru shamba la ukoo ni la akina mama. Halina mwanamume wa kulisemea peke yake. Aliutoa kuwa wakfu wa mimbari. Nilikwenda na wapasuaji, tukaupasua palepale, nikaleta mjini mbao ambazo sijaziona nzuri kama zile tangu hapo.

Kwetu maseremala kuna desturi: vipande vinavyobaki ni vya fundi. Hakuna anayeuliza. Mwenye kabati anachukua kabati, fundi anabaki na masalia, anatengeneza kigoda au kibao cha mbuzi. Ni desturi nzuri, na fundi mwaminifu huanza kwa kazi ya mteja, kisha huona kilichobaki. Mimi nilianza kwa kuamua kitakachobaki. Nilizipeleka mbao za inchi mbili kwenye msumeno, nikazichana kuwa nyembamba kama ganda, nikazigongomea juu ya mifupa ya mbao nyeupe za maboksi, zile zinazokuja na vioo. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi tatu. Imamu alipoiona alilia. Kilichobaki kikawa mlango wa mbele wa nyumba yangu, wenye maua yaleyale, mlango ambao kila mgeni anausifu kabla hajabisha hodi.

Sikuwa na njaa mwaka ule. Sikuwa na mgonjwa. Niliutaka mlango tu.

Jumanne baada ya Adhuhuri, watu walipotawanyika, nilirudi msikitini na bisibisi. Nia yangu, Mungu anajua, haikuwa toba. Nilitaka kupima ile mifupa ya ndani, niichore, kisha nimwambie Jesca kwamba nilikusudia tangu mwanzo iwe nyepesi ili ibebeke. Uongo wa pili wenye vipimo sahihi.

Niliisogeza mimbari kutoka ukutani, nikafungua ubao wa nyuma. Harufu ilinipiga usoni kabla ya mwanga kuingia. Ilikuwa harufu ya mkojo wa panya uliokaa miaka, mtamu na mkali, ule unaobaki kwenye ulimi. Chini palikuwa na mavi yao yamejaa kama punje za mtama uliomwagika. Na kwenye pembe, chini ya ngazi ambayo Imamu hukaa, kulikuwa na kiota. Kilitengenezwa kwa nyuzi za mkeka, pamba ya sijui nini, na karatasi. Ndani yake vitoto sita, vyekundu, havina macho, vinajisokotasokota. Nilimulika karatasi zile kwa simu. Zilikuwa juzuu ya Qurani, ya watoto wa madrasa. Niliona herufi. Panya walizitafuna wakazilainisha kwa mate na kulalia.

Nilitapika. Niliwahi ndoo ya kudekia, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilipopata nguvu nilikagua mifupa. Mchwa walikuwa wameimaliza. Mninga hawakuugusa, hawauwezi, lakini ule mti mweupe wa ndani walikuwa wameula mpaka ukawa udongo wenye umbo la mbao. Nilibonyeza kiunzi cha ngazi ya juu kwa kidole, kidole kikaingia hadi pingili ya pili. Imamu wetu ni mtu mzito na magoti yake ni mabovu. Kila Ijumaa alikuwa anapanda na kukaa juu ya ganda.

Nilirudisha ubao, nikakaza skurubu zote, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Yusuph. Nilijiambia nakwenda kuungama. Labda nilikwenda kutafuta mtu wa kunizuia.

Alikuwa dukani kwake, ameegemea rundo la magodoro, anajichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Nilimwamkia, nikamweleza yote, mti, mlango, mchwa, panya, juzuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakitoa kifuniko, akatazama kilichonasa, akakipangusa kwenye godoro la kuuza.

"Umeshamwambia nani?"

"Wewe tu."

"Alhamdulillahi. Basi na liishie hapa hapa kwangu." Akacheka kidogo. "Fundi Halidi, wewe mtu mzima. Mungu amekusitiri miaka kumi na mmoja, wewe unajifumua? Aliyesitiriwa asijifedheheshe, hukusoma?"

"Imamu ataanguka, mzee."

"Hataanguka. Alhamisi funga msikiti saa za asubuhi, weka bango kwamba unapiga dawa ya mchwa. Toa uchafu, tia mbao mpya, ngumu, rudisha. Nani atajua? Kuna watu wanataka kuchangia upanuzi. Wakisikia sadaka ya mti imegeuka mlango wa fundi, utawapata wapi tena?"

"Na kazi ya upanuzi?"

"Ni yako. Nani mwingine anajua kompyuta hapa?"

Nakiri kwamba nafuu ilinishukia mwilini kama maji ya uvuguvugu. Mabega yalilegea. Nilimpa mkono, naye akaushika kwa mkono uleule wa kalamu, na nikausikia ukinata kidogo. Njiani nilijaribu kusoma istighfari nikashindwa kupita mara ya tatu. Nafuu ilikuwa tamu, na utamu wake ulinikumbusha harufu ya ndani ya mimbari.

Usiku huo nilimwambia mke wangu, Nasra. Aliutazama mlango kwa muda mrefu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiupaka mafuta kila Idi," akasema.

Jumatano asubuhi nilikwenda Mlali, kompyuta mpakato niliyoazima ikiwa mkobani. Bi Maimuna alikuwa uani anachambua maharage. Amezeeka, lakini macho yake ni makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mimbari yetu haijambo?"

Swali hilo alikuwa akiniuliza kila tulipoonana, na kila mara nilijibu haijambo. Safari hii nilifungua kompyuta, nikaiweka juu ya kigoda mbele yake. Usiku wa Jumanne baada ya Isha nilikuwa nimeichora upya, kwa kweli yake: mbao za mninga rangi yake, mbao za maboksi nyeupe, na nilipobonyeza, mimbari ikafumuka polepole, kila kipande kikaelea mbali na chenzake.

"Ona watu walivyoendelea," akasema, akisogea. "Hizi nyekundu ni mti wetu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona nyembamba? Na hizi nyeupe?"

"Ni mbao za maboksi."

Mkono wake ulibaki ndani ya ungo wa maharage. "Na mti wetu mwingine uko wapi? Ule ulikuwa mti mnene, fundi. Nilisimama pale ulipoanguka."

"Ni mlango wa nyumba yangu."

Hakupiga kelele. Aliinua upindo wa kanga akafunika pua, kama mtu aliyepitiwa na upepo wa mzoga, akaongea nyuma ya kitambaa. "Umeingia na kutoka humo miaka yote hiyo. Ukienda kuswali unapita humo."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba unisamehe."

"Mimi?" Akashusha kanga. "Unajua mti ule ulitolewaje? Niliwaita wanawake wa ukoo, tukakaa hapa uani. Tulikuwa watano. Mwanahawa alikataa siku nzima, alisema mti huo mama zetu walijifungulia chini yake mvua ikinyesha. Tulimbembeleza kwa ajili ya Mungu mpaka akakubali. Mwanahawa amekufa. Wawili wengine wamekufa. Mimi nikusamehe haki yangu, sawa, ni moja katika tano. Hizo za wafu utazifuata wapi?"

Kuku alikuja akadonoa maharage yaliyoanguka, Bi Maimuna hakumfukuza.

"Mzee Yusuph anasema nitengeneze kimya kimya," nikasema.

"Huyo mwenyekiti wenu? Mti ulitolewa mbele ya watu. Mliutangaza mpaka kwenye kipaza sauti, watu wakaniitia Allahu Akbar. Hayo mengine usinisimulie. Funga hicho kitu chako, uniache nichambue."

Alhamisi jioni nilimwonyesha Jesca. Sikufunga msikiti asubuhi ile, wala sikutengeneza kitu. Alibonyeza, programu ikatoa kilo sabini na nne.

"Hizi wazee wawili wanabeba," akasema taratibu. Akafumua vipande, akaingia ndani kwa ndani, akakuta mchwa nilivyowachora, kila tundu, na kwenye pembe akakuta kiota. Nilikuwa nimekitia chote. Godlisten alikuja akasimama nyuma yetu, akainama, akatazama vile vitoto vyekundu.

"Mzee, hivi umetoa wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya ile ya kweli?"

"Nilikwambia nimechagua kitu safi," nikamjibu. "Nilikuwa mjinga."

Nilitegemea mzaha. Alirudi kwenye kiti chake akaketi. Jesca aliuliza nani alizitia mbao zile nyeupe, nikamwambia ni mimi, na kwa nini, na wale vijana wote wakasikia. Hakunisifu. Aliandika alama kwenye daftari lake, akaligeuza nisione. "Kazi imekamilika, baba," akasema, na kwa mara ya kwanza hakunitazama alipokuwa anasema.

Ijumaa baada ya Alfajiri nilimweleza Imamu. Aliegemea nguzo, akashika magoti yake. Aliniuliza jambo moja tu: "Juzuu ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Utasema mwenyewe mchana. Mimi sitakusemea."

Niliung'oa mlango wangu asubuhi ile, mimi na Nasra, tukatundika shuka pale ulipokuwa. Nikaukodia mkokoteni, nikauegemeza kwenye baraza la msikiti. Watu walipoanza kuja kwa ajili ya swala waliutambua. "Fundi, mlango unahama?" mmoja akatania. "Au umeamua kuhamia kwa Mungu kabisa?"

Kabla ya adhana ya hotuba nilisimama mbele. Mzee Yusuph alikuwa safu ya kwanza. Alitazama ukuta na hakuuacha mpaka mwisho. Nilisema mti ulikuwa wa nani, nikawataja wanawake watano kwa majina, nikasema nilichofanya. Sikuweka aya wala hadithi. Nilikuwa nimelitumia jina la Mungu vya kutosha.

Kisha mimi na Dadi tukaiinua mimbari tuitoe nje. Tulipofika katikati ya msikiti ubao wa chini uliachia. Kiota kikaanguka juu ya zulia, na panya mkubwa akaruka kutoka ndani yake, akapita kati ya miguu ya watu. Watu waliinua kanzu zao. Wengine walipanda juu ya mikeka iliyokunjwa. Harufu ikajaa nyumba nzima ya Mungu.

"La ilaha illallah! Ndiyo tuliyokuwa tukiielekea?"

"Miaka yote hii?"

"Funika pua, funika pua wewe!"

Mtu mmoja mzee, ambaye nilimtengenezea kitanda cha harusi yake, alitema mate dirishani, akanitazama, akatema tena.

Nilipiga magoti, nikakizoa kiota kwa mikono yangu, vitoto na karatasi na vyote. Vipande vya juzuu nilivitoa kimoja kimoja nikavifunga katika kofia yangu, vizikwe mahali pasafi. Kilichobaki nilikitoa nje. Dadi alimwaga maji, wengine wakakunja zulia. Hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia. Nilikimbia nyumbani, nikapita chini ya shuka, nikaoga, nikabadili nguo, nikarudi.

Imamu alikuwa akimalizia hotuba, amesimama sakafuni, ameshika fimbo yake tu. Nilipenya safu ya mwisho. Swala ilipokimiwa watu walisimama, na yule wa kulia kwangu, Eidi muuza mkaa, mtu ambaye mikono yake haijawahi kuwa safi tangu nimjue, alisogea mbali nami hatua nzima. Wa kushoto naye akasogea. Nikabaki peke yangu katikati ya pengo ambalo watu wawili wangetosha. Sikuona vibaya. Ningekuwa wao ningesogea mbali zaidi.

Imamu aligeuka, kama afanyavyo kila mara kabla ya takbira, akazikagua safu mpaka ya mwisho. Aliliona pengo na akaniona mimi ndani yake.

"Nyoosheni safu," akasema. "Zibeni nafasi."

Hakuna aliyesogea. Akangoja. Watu wa mbele wakaanza kugeuza vichwa.

"Zibeni nafasi," akarudia.

Eidi alivuta pumzi kwa mdomo, kama mtu anayejiandaa kumeza dawa chungu. Akasogea. Bega lake likagusa langu, gumu, limekakamaa, na uso akiwa ameugeuzia upande wa pili.

Imamu akatoa takbira.